Upinde Uliokosa Mtu wa Kuuangalia

Shule niliacha darasa la pili. Kutengeneza upinde nilijifunza mwenyewe, na aliyebisha nilimfukuza uani kwangu, hapa mtaani Buyenzi.

Ni kazi ya kuchosha. Unapasua mwanzi uliokauka, unapiga randa vipande mpaka viwe vyembamba, unavipaka gundi, unavilaza kimoja juu ya kingine na kuvikaza kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Wiki nzima hugusi. Halafu unaufunga kamba, unauvuta kidogo kidogo na kukwangua panapokataa kupinda, mpaka pande zote mbili, juu na chini, zipinde sawa. Anayevuta haoni vizuri. Lazima mtu asimame mbele yake.

Kwangu alisimama mke wangu, mwiko mkononi.

“Juu kunakuwa ngumu kama muti! Chini ndiyo kunabeba yote.”

“We unajua nini ya upinde?”

“Sijui kitu. Kwangua juu.”

Nilikwangua. Mteja akija, nilisema nimefanya peke yangu, naye yuko palepale anasikia.

Mke wangu tulimzika kabla ya Ramadhani. Mfungo ulipoisha nilichukua mwanzi wa mwisho uliobaki, nikatengeneza upinde. Nilitaka kujua kama mimi bado ni fundi, basi. Mishale kumi na miwili niliinyoosha juu ya makaa, nikaifunga manyoya ya jogoo, uzito wake nikiulinganisha na nguvu za upinde huohuo.

Siku ya kuuvuta nilimwita jirani, fundi baiskeli.

“Iko muzuri, muzee.”

“Pande zinalingana?”

“Muzuri sana! Hata ya duka haiko hivi.”

“Sikukuita kunisifu. Angalia!”

“Sasa mi naangalia nini, muzee?” Akacheka.

Nikauvuta mpaka sikioni. Gundi ya upande wa chini ikaachia, mwanzi ukapasuka, kibanzi kikanichana shavu.

“Pole. Utatengeneza ingine.”

“Apana.”

Alipoondoka nilishika vile vipande. Upande wa juu ulikuwa mnene, nimeuacha hivyohivyo. Ni kosa ambalo mke wangu angeliona akiwa anageuza ugali. Miaka yote hiyo nilimjibu vibaya, na asante sikumpa hata moja.

Randa nimempa jirani, ingawa hana kazi nayo. Mishale iko juu ya kabati. Haiendi na upinde mwingine, na mwingine sitengenezi.