Redio Pana

Mzee alijifunza mwenyewe kutengeneza televisheni bapa, kwa kuunguza vidole na kubahatisha. Siku hizi watu hutupa kitu hata hakijapoa. Yeye aliokota, akafufua. Televisheni ya nyumbani kwake tu ndiyo ilimshinda: sauti ipo, picha hakuna. Mkewe aliisikiliza hivyo hivyo akipika, huku akimtania, "Baba watoto, umeninunulia redio pana!"

"Subiri kidogo, mama. Utaona."

Mama hakuona, alitangulia mbele ya haki.

Hatimaye mzee alibadilisha taa zilizo nyuma ya kioo cha televisheni ile, picha ikang'aa. Binti yao alipoingia, alikuta kioo kimefunikwa mtandio wa marehemu.

"Baba, kwani haijapona?"

"Imepona, mwanangu. Kaa hapa, tusikilize redio."