Sauti Iliyopita Tundu Lisilo Lake

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Lodwar nikaambiwa kwamba jirani yangu wa zamani amefariki, na tayari amezikwa kwao Lokori. Nilikuwa naandaa safu kuhusu bei ya unga, unga utasubiri. Marehemu hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Miaka ya tisini alikuwa mtunza ghala wa shirika moja la misaada, mwenye makazi Lodwar na safari zisizokwisha za Kakuma, nami nilikuwa mwalimu niliyepanga nyumba iliyopakana na yake. Nimehuzunika kuliko nilivyotarajia, na nikijiuliza kwa nini, mawazo yananirudisha kwenye alasiri moja tu.

Bwana huyu alipenda muziki kupita kiasi. Sebuleni, mahali ambapo wengine huweka makochi, aliweka amplifaya kubwa ya mtumba aliyoinunua Kitale. Kwa kuwa ukuta wetu ulikuwa mwembamba na mimi nilisahihisha madaftari upande wa pili, akanunua na hedifoni nzito za kufunika masikio. Tatizo ni kwamba akizivaa alizungumza kama mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya mto Turkwel. Muziki sikuusikia, lakini maoni yake kuuhusu niliyasikia yote.

Mwishoni mwa miaka hiyo alimjia mama mmoja kutoka kusini mwa Sudan, muuza chai kando ya ghala kule kambini Kakuma. Alikuwa amepewa kibali kuja Lodwar kutibiwa masikio, maana bomu lilianguka karibu naye walipokuwa wakikimbia vita, na gari la kumrudisha lilikuwa linaondoka jioni ileile. Mkononi alishika sidii. Mwanawe, aliyepotezana naye njiani akiwa mdogo, alikuwa amepatikana hai ughaibuni, naye amejirekodi kwa kompyuta. Redio za kambini zilikataa kuisoma. Jirani yangu akaazima laptopu ya ofisini, lakini spika yake ilinong'ona tu, mama asisikie kitu, na hedifoni zake zilikuwa na kichwa kinene kisichoingia humo. Ikabaki njia moja: laptopu iunganishwe na amplifaya, hedifoni zichomekwe kwenye amplifaya.

"Hapa mbele hedifoni zinaingia palipoandikwa PHONES," alinieleza, amelala kifudifudi nyuma ya mtambo wake. "Na huku nyuma kuna PHONO. Hawa ni ndugu, mwalimu. Watasikizana." Akachomeka waya wa laptopu kwenye PHONO, akamvisha mama hedifoni, akabonyeza. Mama aliruka kitini. Hata mimi niliyeketi mbali nilisikia mkwaruzo na ngurumo, na ndani yake kitu kama mtu anayepiga mayowe. Alizivua akazishika mbali na mwili wake. "De ma jena tai," alisema kwa Kiarabu cha Juba, kisha akatugeukia. "Hii si mtoto yangu. Hii mtu wanapiga yeye. Wanapiga yeye huko?"

Wasomaji wangu, mnazijua ofisi zetu. Sistimu iko chini, mashine imekataa, faili imepotea yenyewe. Mtu hakosei kamwe. Jirani yangu angeweza kusema sidii imeharibika na hakuna ambaye angembishia, sembuse mimi, maana sikujua hata tundu moja linatofautianaje na jingine. Badala yake alipiga magoti mbele ya yule mama, mtu mzima mwenye funguo za ghala zima kiunoni. "Mama, mtoto hapigwi," alisema. "Ni mimi nimekosea. Mimi ndiyo naharibu sauti yake. Ngojea nitafute mahali nimekosea."

Baadaye tulikuja kuelewa kwamba tundu lile la PHONO ni la santuri. Sauti ya santuri ni hafifu, kwa hiyo amplifaya huikuza mno, na sauti ya laptopu, ambayo tayari ina nguvu, ikipitia hapo hupasuka. Siku hiyo hakujua. Alihamisha waya tundu hadi tundu huku akijigombeza, mpaka penye AUX, na nje dereva ameanza kupiga honi. Mama alikataa kuvaa tena. "Kama ni ile, mimi nakufa," alisema. Basi jirani yangu akazivaa yeye kwanza, akasikiliza, akatupigia kelele kwamba ni safi, ndipo akamvisha taratibu. Kijana alianza kwa kukohoa kabla ya kusema neno. Mama akazishika hedifoni kwa mikono miwili. "Anakohoa kama baba yake," alisema, akalia na kucheka papo hapo. Nilitoka kumsihi dereva angoje, naye akangoja.

Tangu hapo nimefanya kazi na wakubwa wengi ambao wangeacha nyumba iungue kuliko kusema wao ndio walioacha jiko likiwaka. Wanadhani wanalinda heshima. Hawamwoni anayesubiri upande wa pili, ambaye atakwenda nyumbani na uongo wetu na kuishi nao. Jirani yangu angelinda heshima yake alasiri ile, yule mama angepanda gari kurudi Kakuma akiamini mwanawe anateswa, na angeendelea kuamini hivyo mpaka anaingia kaburini.