Kipande cha Mgeni

Mama mkwe hukata mche wa sabuni kwa uzi, na kipande kikibaki chembamba kama karata hukibandika kwenye kipya kwa kidole gumba. "Unaosha vyombo au unafuga povu?" humuuliza mke wa mwanawe. Mama yake binti huyo alipokuja kuwatembelea, mama mkwe alijikaza kisabuni, akaweka bafuni sabuni nzima ya kunukia, ingali kwenye karatasi yake. Asubuhi mgeni alitoka kuoga aking'aa. Mama mkwe akaingia mbio kukagua hasara. Sabuni haikuguswa, kando yake kulikuwa na kipande chembamba alichokuja nacho mgeni, kimeegeshwa ukutani kikauke. Akairudisha yake kabatini, akamwita binti.

"Mama yako ni mtu wa maana," akasema. "Wewe sijui umemfuata nani."