Leseni ya Unahodha ya Mama Nancy

Mke wangu Tabea anaendesha boti. Nalisema hilo mapema kwa sababu kule Njiro ninakotengeneza mafriji, watu wakisikia familia yetu ina boti hunitazama mimi kwa heshima, na heshima hiyo si yangu. Mimi maji nayapenda yakiwa barafu. Nikipanda boti, kabla injini haijawashwa, chai ya asubuhi huanza kudai njia ya kutokea.

Boti ni ya baba yangu, Mzee Sifaeli. Alipostaafu udereva wa lori la kahawa aliinunua ibebe watalii katika Ziwa Duluti, nusu saa kwa mguu kutoka shambani kwetu. Ukoo mzima ulimshangaa. Sisi Wameru ni watu wa migomba na kahawa. Ziwa tunaliona kila siku ila hatuliingii, maana bibi zetu walituambia halina chini. Aliyejitokeza kuiendesha ni Tabea. Alijifunza kuogelea akiwa tayari ni Mama Nancy, ndani ya gauni la zamani la kwaya, na majirani walijaa ukingoni kumtazama kana kwamba kuna mnada wa ng'ombe.

Kisha ikatangazwa kwamba hakuna atakayebeba abiria kwa biashara bila leseni ya unahodha. Tabea akaenda Mwanza wiki tatu kusoma taa za chombo, maboya, mafundo ya kamba na namna ya kumwokoa aliyetumbukia. Wenzake wa Kanda ya Ziwa walimtania, wakamwuliza mtu wa ndizi kafuata nini majini. Matokeo ya mtihani wa kuandika yalipotoka alikuwa wa pili kati ya thelathini na mmoja, na yule wa kwanza alikuwa amefanya kazi kwenye kivuko miaka kumi. Utani ukaisha. Ukabaki mtihani wa vitendo, ambao angeufanyia huku nyumbani, kwenye boti yake na baharia wake.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza, kwa sababu baharia wa boti yetu ni baba.

Kazi yake ni kufungua kamba. Lakini akishafungua hakai. Husimama mbele kabisa, mikono nyuma, jaketi la kuokolea likiwa wazi kifuani, kama mzee wa usharika anayesubiri kwaya imalize. Wa kumwambia akae ni nahodha. Sasa mwanamke wa Kimeru amwamrishe baba mkwe wake, aanzie wapi? Tangu aolewe, Tabea hakuwahi kulitaja jina la baba wala kupaza sauti mbele yake. Humwita Baba, humwamkia shikamoo akiwa ameinama, basi. Kumwondoa kwenye boti yake mwenyewe kungekuwa tusi kubwa zaidi, kwa hiyo hakuna aliyelitamka.

Siku ya mtihani mkaguzi alikuwa Bwana Lomayani, Mwarusha mrefu, mpole, mwenye kofia ya pama. Tabea aliwasha injini, kisha kwa sauti ya kuombea chakula akasema samahani Baba, kama hutajali, tunaomba ukae kidogo. Injini iliyameza maneno yote. Boti ilipokata kona baba aliyumba, akadaka kitu cha karibu, na kitu hicho kilikuwa ile kofia pamoja na kichwa kilichokuwa ndani yake.

Lomayani alimfelisha Tabea palepale, ila kwa huruma.

"Mama, mimi ni Mwarusha. Kwetu mkwe unampisha hata njia," alimwambia. "Lakini maji hayajui ukwe. Huyu mzee akitumbukia, nitakayemwuliza ni wewe."

Alimpa wiki tatu. Akifeli tena, boti ingefungwa hadi mwaka ujao naye arudi kuchuma kahawa. Hana ugomvi na kahawa, lakini nimemwona akiwa kwenye usukani: mgongo unanyooka, anaanza kuimba, hata mimi ananisamehe ya juzi. Niliumia kufikiri kwamba atanyang'anywa hilo kwa sababu ya adabu.

Tukafanya mazoezi nyuma ya zizi. Kwanza mimi nilijifanya baharia, naye akaniamrisha nikae chini kwa sauti iliyowanyamazisha kuku. Kwangu hakuhitaji mafunzo. Ndipo nikaleta koti la baba nikalitundika kwenye mgomba, na sauti ikamkauka. Wiki tatu nzima mke wangu aliliomba koti msamaha.

Siku ya marudio nilisimama ukingoni. Baba alifungua kamba, akasimama palepale pake. Tabea akamwambia, "Baba, kaa chini." Safari hii hata mimi nilisikia, lakini baba hakugeuka. Boti ilikuwa imeshafika katikati pale mtumbwi wa wanafunzi wa chuo cha Makumira ulipojitokeza mbele yao, vijana wanapiga picha, hakuna anayetazama anakokwenda. Ilibidi Tabea akate kona kali. Nikaona kichwa chake kikigeuka kumtazama baba.

"Sifaeli! Kaa chini, ufunge jaketi!"

Wale wanafunzi nao wakakaa chini, ingawa hakuna kati yao aliyeitwa Sifaeli. Baba alikaa, akafunga vifungo vyote vitatu. Tabea alikata kona, akazunguka ziwa, akaileta boti gatini taratibu hata maji hayakurukia mbao. Lomayani alitia sahihi akiwa bado ndani ya boti, akampa mkono.

Tabea alishuka analia. Aliniambia amepata leseni na amepoteza nyumba. Baba alikuwa ameshatangulia kupanda mlima kwenda nyumbani, nasi tukamfuata.

Tulimkuta barazani amekaa peke yake. Tabea alipiga magoti, akaanza kuomba radhi, naye baba akamwinulia mkono anyamaze.

"Mama Nancy, mimi naogopa maji," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Boti ikiondoka magoti yanatetemeka, nami naona aibu kukaa mbele ya wageni, mwanaume mzima, mwenye boti. Miaka minne nasimama pale nikiomba Mungu atokee mtu wa kunikalisha." Akanitazama mimi. "Huyu mwanangu asingethubutu."

Nami nikakaa chini, maana ni kweli.