Laptopu Inayopona Ikifika Dukani

Jumanne nilikuwa kwenye duka la kutengeneza kompyuta mjini Kitale wakati mwalimu mmoja kutoka eneo la Kwanza alipoingia na skrini kubwa ya kompyuta mgongoni, ameifunga kwa leso kama mtoto mgonjwa. Laptopu yenyewe alikuwa ameibana kwapani.

"Hii ni mara ya nne," alimwambia fundi. "Nikiunganisha hii skrini halafu nifunge laptopu ilale, haiamki tena. Mtihani wa Form Three nimechapa upya mara tatu, na wanafanya kesho kutwa."

"Lakini mwalimu, hapa huwa inaamka tu vizuri."

"Hapa skrini yangu haikuwa. Si ni wewe ulisema niilete?"

Mwalimu akaziunganisha mwenyewe juu ya kaunta, akafunga laptopu, akakunja mikono. Tukangoja sote. Alipoifungua, skrini zote mbili zilikuwa nyeusi. Fundi alibonyeza kitufe kimoja, kisha akabonyeza vyote. Kimya. Mwalimu akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Fundi akaizungusha ile skrini kubwa polepole, akasoma kibandiko cha nyuma.

"Ni kweli inakufa," alisema. "Lakini hii skrini si sisi tulikuuzia."

Mwalimu alichomoa waya wa skrini. Alitandaza leso yake.

Mimi jino langu huacha kuuma nikifika kwa daktari, na hilo nimelizoea. Ila sijawahi kuagizwa nirudi na mto niliolalia, kisha nikaulizwa niliununua wapi.