Chuku za Jumapili

Farjallah wa Matsangoni alikuwa na pembe sita za ng'ombe, fupi, zilizosuguliwa hata zikang'aa, na kwa pembe hizo jina lake lilifika Ganda na Kilifi. Aliyeshikwa na mgongo au bega alikwenda kwake kupigwa chuku. Alimkanda kwanza kwa mafuta ya nazi, akaibandika pembe palipouma, akavuta pumzi kwa tundu la nchani, kisha akaliziba kwa nta. Pembe zilipobanduliwa ziliacha miviringo ya rangi ya zambarau, na mtu akainuka amepata nafuu.

Mwaka wa themanini na nne, Nyevu alimleta mumewe, Jefwa, amepinda hawezi kuinua uso. Jefwa alikuwa mbebaji kwenye machimbo ya mawe ya kujengea mahoteli ya Kikambala. Farjallah alimpiga chuku siku saba, akamfundisha kulala kifudifudi na kuinua kifua polepole. Siku ya nane Jefwa alisimama wima.

"Sasa pumzika miezi miwili, mwanangu," Farjallah alimwambia. "Usibebe hata ndoo."

Siku ya tisa Jefwa alikuwa machimboni.

Farjallah aliyapata hayo kwa Thuku, msimamizi wa machimbo, mtu wa bara, aliyekuja na sukari na majani ya chai.

"Shikamoo, mzee. Mkono yako ni dawa. Huyu alikuwa achukue likizo, sasa anabeba kushinda wote. Nikuletee wengine kila Jumapili?"

Farjallah angeweza kukataa. Lakini hakuna mkubwa wa kazi aliyewahi kumjia kwa heshima namna ile. Kichwa kilimvimba, akasema, "Walete."

Mwaka mzima lori liliwashusha wanaume mlangoni pake. Alibandika pembe juu ya alama za wiki iliyopita, na Jumatatu wakarudi kwenye mawe. Akili ilimwambia jambo hili halifai. Sifa zikamnyamazisha.

Jumapili moja Jefwa aliingia akiburuta mguu wa kushoto. Farjallah alimkuna unyayo kwa kijiti.

"Wasikia?"

"Sisikii kitu."

"Basi leo sikupigi chuku. Nenda hospitali."

"Mzee, hospitali watanipa barua ya kupumzika. Wiki jana Kitsao alipeleka barua yake kwa Thuku, akaambiwa apumzike moja kwa moja. Nibandikie tu, niimalize wiki hii."

"Jefwa, mguu umekufa ganzi!"

"Watoto wangu je?"

Farjallah alizishika zile pembe muda mrefu. Kisha akazibandika. Jefwa aliinuka akicheka, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Jumatano alianguka na jiwe begani, na miguu yote miwili haikumtii tena.

Farjallah alimkuta wodini. Wangu, mtaalamu wa viungo wa hospitali ile, alikuwa amemgeuza ubavu akiitazama miviringo ya mgongoni.

"Nani alimfanyia hivi?"

"Mimi, binti yangu."

Wangu alimtazama bila ukali. "Chuku hazikumvunja, mzee. Nyama zililegea, maumivu yakapoa, akadhani amepona. Aliyempa jiwe ndiye aliyemvunja."

Maneno yale hayakumpoza. Afadhali angetukanwa.

Jumapili lori lilikuja kama kawaida. Farjallah alisimama mlangoni.

"Warudishe nyumbani, Thuku. Hapa hapana chuku."

"Mzee, unakataa kusaidia watu?"

"Nimekusaidia wewe mwaka mzima."

Thuku alicheka. "Sawa. Kuna mwingine huko Ganda." Wanaume hawakushuka. Mmoja alimlaani Farjallah kwa sauti, lori likaondoka.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Farjallah alikwenda kwa Jefwa kumkanda miguu na kumkunja magoti, kama Wangu alivyomwelekeza. Miguu ilizidi kukonda. Nyevu alimfungulia mlango, akamtandikia jamvi, na alipoamkiwa akachukua jembe akaenda zake shambani.