Impala ya Baba, Caprice ya Ami

Harufu ya mahameli iliyopikwa na jua ilinipata juzi Nizwa, katika gereji nilikoomba kivuli nikisubiri lori la kunifikisha Sur. Pembeni palikuwa na Caprice nyeupe, dirisha wazi. Niliingiza kichwa nikavuta pumzi, na mara nikawa mtoto tena, kwetu Ibra, Oman.

Baba alikuwa na Impala. Ami Nasoro, kaka yake, alikuwa na Caprice. Zote Chevrolet, kama wao walivyokuwa tumbo moja, wazaliwa wa Unguja. Impala ilikuwa kuukuu, ndefu, taa za nyuma za duara, viti vya plastiki vilivyotubabua mapaja. Kiyoyozi haikuwa nacho, lakini ukiwa ndani uliihisi barabara. Caprice ilikuwa ya pembe-pembe, viti vya mahameli, baridi kama friji, na laini mno hata wanawe ami wakitapika kila safari.

Ami alitangulia kurudi Oman, nchi ya babu zetu, na Kiswahili akakitupa njiani. Kila jioni kwenye sabla, baraza ya wanaume wa mtaa, alimcheka baba kwa Kiarabu: "Muacheni Mswahili na mkweche wake. Mila zetu hazijui." Siku ya posa ya dada yangu alimwamuru aifiche Impala nyuma ya mitende, wakwe wasiione. Baba aliificha.

Kwetu, mtu akikisifu kitu chako, humwambia, "Ni chako." Naye hukuombea baraka, yakaishia hapo. Hakuna anayechukua.

Basi siku hiyo, kahawa ikizunguka, nimekaa ubavuni pake, baba alisema kwa Kiarabu chake cha kubabaika, "Kaka, Caprice yako nzuri sana."

"Ni yako," ami alijibu, akiwatabasamia wakwe.

"Ahsante. Nipe ufunguo."

Vikombe vilisimama hewani.

"Unisamehe, kaka," baba aliongeza. "Mie Mswahili. Mila zenu sizijui."

Ami hakuweza kulimeza neno alilolitoa mbele ya wageni. Ufunguo ulitoka mfukoni polepole, kama jino.

Baba aliiegesha Caprice mkabala na mlango wa ami, asiiguse tena. Aliendelea na Impala yake, nyingine akaiachia jua. Mimi niliona ni uchizi, gari ya baridi namna ile. Baada ya miezi, mke wa ami akaja. "Shemeji, mrudishie kaka yako. Kila akitoka kwenda kuswali anaiona."

"Aje mwenyewe," baba alimwambia, "aniombe kwa Kiswahili, kama tulivyokuwa tukimwomba mama uji."

Hakuja. Matairi yalikwisha upepo, rangi ikabanduka, mpaka ami akazikwa.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba baba hakuitaka ile gari hata siku moja. Alimtaka kaka yake, na alikuwa tayari kumchoma moyo kila alfajiri mpaka ampate. Mimi sina moyo wa baba. Ami angekuja na Kiswahili chote cha Unguja, nisingempa ufunguo.